Kupanua wigo wa ithibati si kurudufu jalada la zamani

Kituo cha mafunzo chenye ithibati, yaani idhini ya mamlaka, ya kufundisha kozi tatu huona kupanua wigo, yaani kuombea kozi ya nne, ni kazi ya jioni moja. Jalada la zamani linarudufiwa, jina la kozi linabadilishwa, maombi yanatumwa. Yakirudishwa, lawama humwendea mkaguzi wa mamlaka.

Mimi namtetea mkaguzi. Kituo anakijua tayari. Asichokijua ni kama kozi hii mpya inafundishika pale. Sera ya malalamiko ya kurasa kumi na mbili, iliyorudufiwa kutoka jalada la zamani, haimjibu.

Kinachomjibu ni jedwali. Orodhesha matokeo ya ujifunzaji yote kwa namba zake za kwenye mtaala, na mbele ya kila moja uandike somo na ukurasa wa kitini, zana ya upimaji, mkufunzi na mtathmini. Mianya hujitokeza yenyewe, hasa kwenye vitendo. Mtaala unadai mwanafunzi afunge pampu, zana inamtaka aeleze pampu hufungwaje. Hapo umahiri haujapimwa, hata maswali yawe mazuri kiasi gani.

Wakufunzi ndio huangusha wengi. Fundi hodari wa umeme wa majumbani hageuki mkufunzi wa umeme wa jua kwa sababu fani zinapakana. Ambatisha cheti cha fani yenyewe, ushahidi wa kazi aliyoifanya, na mkataba unaotaja saa zake. Jina moja likitokea katika kozi zote nne, jumlisha saa hizo kabla mkaguzi hajazijumlisha. Na aliyetathmini kazi ya mwanafunzi asiwe ndiye anayeihakiki.

Vifaa navyo ni hesabu, si picha za karakana. Wanafunzi 20, kila mmoja saa 3 kwenye mashine, ni saa 60. Kwa mashine 2 ni saa 30 za ratiba. Ratiba ikionyesha 12, umejikataa mwenyewe.

Tazama pia tarehe. Kwa kawaida wigo mpya hauongezi muda wa ithibati; huisha pamoja nayo. Ikibaki miezi michache, iulize mamlaka kama yafaa kuunganisha maombi haya na ya kuhuisha. Mtaala nao una ukomo wake, na uliokaribia kufutwa haufai kugharimiwa mashine mpya.

Wanafunzi wasiandikishwe kabla ya barua ya idhini. Risiti ya kupokelewa maombi si idhini, na maombi yakikataliwa, hao watakuwa wamesoma kozi ambayo kituo hakina mamlaka ya kuwaombea cheti chake.