Macho mawili tu

Wanaosema Afrika ni joto waje Lubumbashi mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, wanishikie sekateri, mkasi wa kukatia matawi ya mizabibu. Nimevaa makoti mawili, na soksi za mama watoto mikononi. Pua imeshajitegemea, inavuja bila ruhusa yangu.

Patroni wangu ana shamba la mizabibu njia ya Kipushi. Nasema shamba kwa heshima. Ni mistari 6, mashina 118. Nimeyahesabu kwa sababu ananilipa kwa shina. Mgeni akifika anaambiwa "domeni", kama yale mashamba makubwa ya mvinyo ya Wafaransa. Domeni! Mbuzi akikohoa mstari wa kwanza, wa sita unamwambia pole.

Mwaka jana patroni alipata kitabu cha Wafaransa. Kitabu kikasema mizabibu hukatwa matawi Januari, wakati wa baridi, ikiwa imelala. Basi Januari tukaingia shambani. Januari ya kwetu nani haijui? Mvua inapiga, udongo mwekundu unang'ang'ania buti mpaka unatoka na soksi peke yake, na mizabibu iko macho kuliko sentinele, yule mlinzi. (Sentinele wa patroni ndiye aliyekuwa amelala.) Tukakata. Ikachipua kwa fujo, ukungu ukaingia kwenye majani, ukashuka kwenye vishada. Tulivuna ndoo moja na nusu. Patroni akanitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyeandika kitabu!

Nikamwambia, "Patroni, wale baridi yao Januari, yetu Juni na Julai. Sisi tuko chini ya ikweta." Akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akatuita wote, akatangaza kuwa amegundua jambo.

Ndiyo maana niko hapa Julai. Nasikia huko Ulaya majani yote huanguka yenyewe, kibarua anakuta shina uchi, kazi yake kukata tu. Mzabibu wa kwetu haulali hivyo, unasinzia jicho moja wazi, na majani mengine yamegoma kutoka. Inabidi kwanza niuvue nguo kwa mkono. Hilo kwenye bei halimo.

Sheria ni moja: tawi la mwaka jana, lile laini la kahawia, likatwe libaki na macho mawili. Macho ni vile vifundo vinavyotoa chipukizi. Tawi lina macho 15, limenyooka, zuri, la kuposwa. 13 yaende chini. Mtu niliyezoea mahindi, mkono unatetemeka. Nikibakiza matatu kwa huruma, patroni anachomoza nyuma yangu: "Eh papa, na hili la tatu la nani?" Ati macho yakiwa mengi, shina linazaa vishada vingi, vidogo, vichachu kama ndimu. Nina watoto saba, sikumjibu.

Tena mkato uwe wa mshazari, uteremke upande usio na jicho, maji yasilidondokee. Maji gani Julai, na mvua tuliiaga Aprili? Anasema ya shina lenyewe, eti joto likianza kurudi, pale ulipokata panalia. Haya. Na sekateri yenyewe imechoka, haikati, inatafuna. Kiganjani nina lengelenge la ukubwa wa zabibu, ndilo zao pekee nililovuna mpaka sasa.

Lakini kukata ni afadhali. Kuvuta ndiko kubaya. Mzabibu una vile vikamba vinavyojisokota kwenye waya na kukauka vigumu kama msumari. Unavuta, havitoki. Unavuta kwa hasira, vinaachia vyote pamoja, tawi linarudi mbio na kukuchapa sikio ambalo baridi imeshaligandisha. Jana la kushoto lililia kama kengele ya misa mpaka saa nne.

Matawi yaliyokatwa nimeruhusiwa kubeba. Nikabeba mzigo mzima hadi nyumbani Katuba, nikijua nimeokoa gunia la makala, yaani makaa, ambalo bei yake siitaji nisije nikaugua. Mama watoto akajaza mbabula, jiko letu la makala, akabandika maji ya bukari, ugali wetu. Moto ukawaka kwa kelele na kwa uzuri, kisha ukazimika kabla maji hayajaimba. "Umeniletea magazeti," akasema.

Leo nimemweleza patroni. Akacheka sana. Eti Bordeaux, kule Ufaransa, matawi hayohayo ndiyo wanayochomea nyama ya ng'ombe, na inanukia ajabu.

Nimemwambia matawi ninayo tayari, rundo zima nyuma ya nyumba. Namngojea na nyama.