Mashine isimfanyie mgonjwa kazi yake
Makala niliyoisoma imeisifu roboti inayouongoza mkono wa aliyepata kiharusi kana kwamba mashine ndiyo inayoponya, ilhali utafiti wa RATULS, uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 770 na kuchapishwa mwaka 2019, haukubaini kwamba mkono wa waliofanya mazoezi kwa roboti ulitenda kazi vizuri zaidi kuliko wa waliopata huduma ya kawaida. Ubongo hujifunza upya pale mgonjwa anapojaribu mwenyewe, tena na tena, hata kama vidole vinafunguka kidogo tu ili kushika kikombe. Mashine ikimsogezea mkono naye ametulia (nilimwona mama yangu akisinzia hivyo), anayefanya mazoezi ni mashine. Ningependa mwandishi aeleze roboti hiyo humwachia mgonjwa sehemu gani ya kazi.