Na mke je?
Nimesoma makala, mwandishi wake anataka kesi kama ya Vincent Lambert, yule Mfaransa aliyelala miaka bila kujitambua baada ya ajali, akilishwa kwa mipira, waachiwe wazazi waamue kama aendelee kulishwa au aachwe afe. Kwa nini wazazi, na mke je? Ufaransa sheria inampa daktari uamuzi baada ya kuwasikiliza ndugu, na bado walivutana mahakamani tangu 2013 hadi alipofariki Julai 2019. Mke alisema mumewe alimwambia hataki kuishi vile. Wazazi wakakataa kabisa. Na Lambert mwenyewe alikuwa nesi! Hakuacha hata karatasi moja ya kusema anataka nini. Mimi niko na mke, ndiye aliyesikia maneno yake. Ila simlaumu mama mzazi, uchungu wa mwana... Baba yangu wosia wa shamba ameshaandika. Nilipomuuliza habari za mipira ya hospitali, alinifukuza sebuleni.