Pete ya soketi na lawama isiyoistahili

Fundi aliyesomea umeme Ujerumani au Ufaransa akifungua kisanduku cha breka kwenye nyumba ya Uingereza, hushtuka. Breka ya ampea 32 inalisha soketi kwa waya wa 2.5, yaani unene wa milimita za mraba 2.5. Siku ya kwanza darasani alifundishwa kwamba breka isizidi uwezo wa waya, na waya huo ukizamishwa kwenye ukuta uliojazwa sufi ya kuzuia joto unabeba ampea 20 tu. Hukumu hutoka papo hapo: hawa walibana matumizi baada ya vita, shaba ilikuwa adimu, na hatari ile wakaizoea. Naikuta hukumu hiyo kila mara, na kila mara naona imeruka hatua.

Hatua iliyorukwa ni kwamba waya wenyewe hauishii kwenye soketi ya mwisho. Unatoka kwenye breka, unapita soketi moja baada ya nyingine, kisha unarudi kwenye breka ileile. Ndiyo pete. Kila soketi inapata umeme kutoka pande mbili, kwa hiyo mzigo wa ampea 26 ukiwa katikati ya pete, kila mkono unabeba 13. Kamati iliyoanza kazi mwaka 1942 kupanga umeme wa nyumba za baada ya vita ilihesabu shaba, hilo halina ubishi. Lakini uhaba hauelezi kwa nini hesabu yao inasimama hadi leo.

Inasimama kwa sababu pete ilikuja na mwenzake: plagi yenye fyuzi ndani, iliyowekewa kiwango cha Uingereza cha BS 1363 mwaka 1947. Kazi ya ulinzi ikagawanywa. Breka inalinda waya wa ukutani, fyuzi inalinda waya wa kifaa. Chukua taa ya mezani yenye waya mwembamba wa 0.75, unaobeba ampea 6. Breka ya 32 haiwezi kuulinda, fyuzi ya ampea 3 iliyo ndani ya plagi inaweza. Ufaransa plagi haina fyuzi, breka ndiyo inayobeba ulinzi wote, na kanuni zao zimeweka kikomo cha soketi: 8 kwa waya wa 1.5, 12 kwa waya wa 2.5.

Waingereza waliacha kuhesabu matundu, wakatazama sakafu: kwa desturi pete moja kwa mita za mraba 100. Hapo ndipo naona akili kubwa. Kuongeza tundu hakuongezi birika. Mtu mwenye soketi 20 sebuleni na chumbani bado ana hita ileile na pasi ileile, na tofauti ni kwamba halazimiki kuunganisha ekstensheni juu ya ekstensheni nyuma ya kochi, mahali ambapo joto halionwi na mtu.

Neno lenye uzito katika kanuni yao ni muda. Hawasemi mkondo usizidi kamwe. Wanataka sehemu yoyote ya pete isielekee kuzidi uwezo wa waya kwa muda mrefu. Birika la kilowati 3 linakula ampea 13, lakini kwa dakika chache tu, na waya hauchemki kwa dakika chache.

Halafu kuna waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ambao wakosoaji karibu wote wanaupita. Kompyuta na vifaa vingi vya kisasa huvujisha mkondo kidogo kwenye ethi muda wote vinapofanya kazi. Kwenye sakiti ya kawaida yenye mwisho, skrubu moja ikilegea, soketi zote zilizo mbele yake zinapoteza ethi kwa pamoja, na mabati ya kifaa yanaweza kuwa na umeme unaomngoja mtu ayashike. Kwenye pete ethi ina njia mbili za kurudi. Moja ikikatika, ya pili bado inamlinda aliye jikoni.

Kasoro yake lakini ni ya kweli. Pete ikikatika, inanyamaza. Sakiti ya kawaida ikikatika, soketi zinazimika na mwenye nyumba anaita fundi. Pete iliyokatika inaendelea kuwasha kila kitu, huku mkono mmoja ukiweza kubeba ampea 32 zote. Waya wa 2.5 uliobanwa wazi ukutani una uwezo wa ampea 27, na kwa uwezo huo shaba yake hufika nyuzi 70. Joto hupanda kwa mraba wa mkondo: kwa ampea 32 shaba inapita nyuzi 85. Ndani ya sufi, inapita 130. Breka haitalalamika, maana 32 ni haki yake.

Mzigo usiogawanyika nao ni tatizo. Ampea 30 zikivutwa karibu na mwanzo wa pete, kwenye moja ya kumi ya urefu wake, mkono mfupi unabeba 27 na mrefu 3. Jiko lenye mashine ya kufua, ya kukausha na ya kuosha vyombo zote pembeni kwa kisanduku ni pahali pabaya pa kupitishia pete, na hapo ningeweka sakiti za kawaida bila kusita.

Ila ukimya wa pete iliyokatika una dawa, na dawa ni mita ya kupimia waya. Fundi anazima umeme, anazitoa ncha mbili za waya wa moto kwenye kisanduku na kuzipima moja kwa nyingine. Pete ya urefu wa mita 60 itasoma karibu omu 0.44 (omu ni kipimo cha ukinzani wa waya), nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, itasoma vivyo hivyo, ethi ya 1.5 karibu 0.73. Pete iliyokatika haisomi kitu. Kisha anakutanisha ncha kwa mkato, moto wa mkono huu na nyutro ya mkono ule, anazunguka na kupima kila soketi. Zote zinapaswa kusoma karibu 0.22. Inayosoma juu zaidi imechepushwa nje ya pete, au ina muungano mbovu, na inafunguliwa siku hiyohiyo.