Mungu awalipe? Bajeti je?

Juzi imenipita picha kwenye simu, wahudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji fulani huko Afrika Magharibi wamepangwa mstari, kila mtu na tisheti mpya na cheti, mgeni rasmi katikati meno yote nje, na chini watu wanamwaga tu "mashujaa wetu, Mungu awalipe". Yaani hela ya semina hotelini ipo ila ya kumlipa huyu mama tunamwachia Mungu.

Mimi hapo nawaza Navrongo, kule juu kabisa Ghana, karibu na mpaka wa Burkina Faso. Mwaka 1994 watafiti wa afya walianza jaribio la huduma za vijijini kwenye vijiji 3, baadaye wakalipanua wilayani Kassena-Nankana: huku nesi ahamie kijijini, kule watu wa kujitolea peke yao, kwingine wote wawili, na kwingine huduma ibaki kama zamani. Hao manesi mwanzo walikuwa wanakaa kliniki wanasubiri mama aje na mtoto anachemka homa mgongoni. Wakafundishwa upya, wanakijiji wakawajengea pa kukaa kwa nguvu zao wenyewe, wakapewa pikipiki wazunguke nyumba kwa nyumba na chanjo na dawa, na mtoto akianza kupumua kwa shida usiku unajua mlango wa kugonga. Ndani ya miaka 3 vifo vya watoto vikashuka zaidi ya nusu. Kwa watu wa kujitolea peke yao? Havikushuka. Na sio uvivu jamani, nimonia inataka mtu aliyesomea.

Haya, nisiwe mchoyo, pale nesi na wa kujitolea walipokuwa pamoja hata uzazi wa mpango ulieleweka, wanaume wakakaa vikao wakaongea. Sawa.

Ghana ikaifanya sera ya nchi mwaka 1999, mpango wa kupeleka nesi kijijini unaoitwa CHPS, wenyewe wanatamka chips (hapana, bila mayai), ingawa kusambaa kwake kulijikongoja sana.

Kinachoniuma ni msimu. Mvua zikianza ndio malaria inapanda, ndio ghala la mwaka jana limeisha, na ndio shamba linataka jembe, halafu huyo huyo mama wa kujitolea tunamwambia acha shamba lako uzunguke na dawa za watoto wa wenzio, bure. Nani anamlimia? Mlipeni, mshahara wa kila mwezi kama nyie, na mafuta ya pikipiki juu.