Mita 300 kutoka kwa dubu mweupe

Chukua kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha upana wa milimita 36), ifunge lenzi ya milimita 600, halafu mfikirie dubu mweupe aliyesimama mita 300 mbele yako. Pale alipo, picha yako ina upana wa mita 18. Dume kubwa lina urefu wa kama mita mbili na nusu, kwa hiyo litachukua sehemu moja kati ya saba ya upana huo. Kwingine kote ni barafu. Mpeleke mita 500, upana unakuwa mita 30, naye anabaki kidoti cha rangi ya samli juu ya weupe mtupu.

Hesabu hiyo imewachoma wapiga picha tangu Januari 1, 2025, Norwei ilipoanza kutumia kanuni mpya katika visiwa vyake vya Svalbard, kule Aktiki. Ni marufuku kumsogelea dubu chini ya mita 300, na kuanzia Machi 1 hadi Juni 30 ni mita 500. Akitokea karibu zaidi ya hapo, anayetakiwa kurudi nyuma ni wewe. Zamani sheria ilikataza kumfuata, kumvuta kwa chambo au kumsumbua, ila haikutaja mita. Meli ndogo ikitulia kando ya barafu, dubu mdadisi aliweza kuja mwenyewe hadi ubavuni, watu wakapiga picha mpaka vidole vikafa ganzi.

Malalamiko yao hayawezi kupuuzwa. Wanasema meli iliyozima injini si sawa na pikipiki ya theluji inayonguruma bondeni, na hapo wana hoja. Watafiti waliowahi kupima Svalbard jinsi dubu wanavyozipokea pikipiki hizo waliona kwamba majike wenye watoto hushtuka zikiwa bado zaidi ya kilomita moja, na madume hungoja hadi zifike karibu zaidi. Ukiyasoma vizuri matokeo hayo, mita 300 ni chache mno kwa mama mwenye watoto na pikipiki, na huenda ni nyingi kuliko inavyohitajika kwa dume linaloisogelea meli iliyokaa kimya. Namba moja imepewa kazi ya kupima mambo mawili yasiyofanana.

Na bado naiunga mkono, kwa sababu iliyo mbali kabisa na barafu. Niliwahi kukaa ndani ya gari la tisa kuzunguka duma mmoja Maasai Mara. Dereva wetu alikuwa mtu mwema, aliyejua vizuri kwamba magari hayatakiwi kuzidi matano, lakini redio ilikuwa imeshaita na wageni walikuwa wamesimama na kamera mkononi. Duma aliinuka, akatazama swala, akatutazama sisi, akalala tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu duma wa huko ulikuta kwamba majike wa maeneo yenye watalii wengi walikuza kwa wastani mtoto 0.2 hadi kujitegemea. Kwenye watalii wachache walikuza 2.3. Hakuna gari hata moja katika yale tisa lililomgusa. Kanuni ya "usimsumbue mnyama" kila mtu huitafsiri anavyopenda, lakini mita hupimwa kwa kifaa, na kiongozi wa safari anapata la kumjibu mteja aliyelipa fedha nyingi. Machi hadi Juni ndio msimu wa majike kutoka mapangoni na watoto, tena ndio wakati dubu hula sili, wanyama wa baharini wenye mafuta mengi, kwa wingi na kujiwekea mafuta ya miezi ya njaa. Saa moja ya kumbabaisha wakati huo ina gharama.

Anayetaka uso wa dubu ujaze picha atakwambia basi, nenda Churchill, Kanada. Yuko sahihi, kwa kiasi. Barabara ya kufika huko haipo: ni ndege, au treni ya kama siku mbili kutoka Winnipeg. Oktoba na Novemba dubu hukusanyika ufukweni mwa Ghuba ya Hudson wakingoja maji yagande, na magari marefu yenye matairi mapana hupita njia zilezile kila siku. Dubu huja, hunusa tairi, husimama kwa miguu ya nyuma na kuchungulia. Picha nzuri, sibishi. Ila huyo anayechungulia amekaa miezi bila mlo wa maana, na dubu wa magharibi ya ghuba hiyo walikadiriwa kuwa 842 mwaka 2016, wakashuka hadi 618 mwaka 2021. Barafu inachelewa kuganda na kuwahi kuyeyuka. Na sisi tunapanda ndege kwenda kulipiga picha tatizo ambalo moshi wa ndege hizohizo unalichochea. Hilo sina jibu lake.

Lenzi ndefu zaidi pia haisaidii kama wauzaji wanavyodai. Kukiwa na jua, hewa juu ya barafu hucheza kama mazigazi kwenye lami ya Dodoma saa saba mchana, na kadiri unavyovuta picha ndivyo manyoya yanavyogeuka uji.

Mimi ningechagua Svalbard, baada ya Julai 1, masharti yanaposhuka kuwa mita 300 na barafu bado inapatikana kaskazini. Ningebeba lenzi ya milimita 100 hadi 400, betri za akiba ndani ya koti, na mfuko wa kuifungia kamera kabla ya kuiingiza kwenye joto la meli, isije ikatoka jasho ndani ya kioo. Picha ninayoitaka ni ya dubu mdogo kwenye fremu kubwa, amejilaza kando ya tundu la sili, na maji meusi yamefunguka nyuma yake.

Halafu kuna visa. Svalbard yenyewe haidai, lakini njia ya kawaida ya ndege hupitia Norwei bara, hivyo mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji visa ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, ambalo Svalbard haimo) ya kuingia mara mbili: ukirudi kutoka Longyearbyen, mji mkuu wa Svalbard, unahesabiwa unaingia upya. Liulizie hilo kabla hujalipia meli.