Satelaiti zinatoa data bure, sasa kipimamvua cha nini tena?

Kila ukame ukipiga, mabishano yanarudi yale yale. Kuna wanaosema nchi zinapoteza hela kwenye vituo vya kupimia mvua na mito, yani lile kopo la kukinga mvua na ule ubao wa namba uliosimikwa mtoni, vitu vya enzi za mababu, wakati siku hizi satelaiti zinazunguka dunia nzima na data unapakua bure ukiwa umekaa ofisini. Halafu kuna wengine, hasa wataalamu wa maji wa siku nyingi, wanasema satelaiti haipimi mvua, inakisia tu, na bila mtu kule chini zile ramani za rangi rangi ni mapambo ya ukutani. Mi nimeegemea upande wa kopo, ila siyo kwa sababu inayotajwa sana.

Satelaiti kwanza, maana haki yake apewe. Mwaka 2002 Marekani na Ujerumani walirusha satelaiti pacha zinaitwa GRACE, moja inaifuata nyingine nyuma kwa kilomita kama 220 hivi. Hazipigi picha maji. Zinachofanya ni kupima umbali kati yao basi, kwamba ile ya mbele ikikaribia sehemu nzito ya dunia inavutwa kidogo inamuacha mwenzake, na maji ni mazito, kwa hiyo maji yakipungua ardhini mvuto unapungua na umbali ule unabadilika kwa kiasi ambacho hata unene wa unywele haufikii. Kwa ujanja huo watafiti wakagundua kwamba kaskazini magharibi mwa India kati ya 2002 na 2008 zilipotea kilomita za ujazo 109 za maji ya chini ya ardhi, kama mara tatu ya ujazo wa Lake Mead, bwawa kubwa kuliko yote Marekani. Na mvua miaka hiyo ilikuwa karibu na kawaida tu! Yani kipimamvua kingekwambia mambo shwari, kumbe pampu za umwagiliaji zinafyonza usiku na mchana.

Halafu satelaiti haiombi kibali. Mto ukianzia kwa jirani na jirani hataki kusema ameachia maji kiasi gani, kopo lako halikusaidii kitu. SWOT, ambayo Marekani na Ufaransa waliirusha Desemba 2022, inasoma kimo cha maziwa na cha mito yenye upana kuanzia mita 100 popote ilipo, jirani apende asipende.

Sawa. Ila hiyo hiyo GRACE inaona kwa mapande ya mamia ya kilomita, kwa hiyo itakuambia nchi inakauka lakini ukimuuliza kisima cha wilaya fulani hana jibu. Na kwenye mvua ndo kuna utata zaidi, maana satelaiti nyingi zinaangalia kichwa cha wingu lilivyo na ubaridi, wingu refu lenye baridi kali linahesabiwa lina mvua. Milimani mvua nyingi inatoka kwenye mawingu mafupi yasiyo na baridi hiyo, inanyesha na satelaiti haina habari.

Sasa hapa ndo kuna kitu ambacho wengi hawakijui. Zile data za mvua za bure tunazosifia, mfano CHIRPS inayoanzia 1981, siyo za satelaiti peke yake. Zinachanganywa na vipimo vya makopo yale yale, ndo yanayorekebisha makisio ya kutoka juu. Na makopo yenyewe siyo mengi kihivyo, utafiti mmoja wa 2017 ulikadiria kwamba ukikusanya midomo ya vipimamvua vyote vya dunia ambavyo data zake zinapatikana, havijazi hata nusu ya uwanja wa mpira. Uwanja mmoja! Kwa sayari nzima.

Ukifunga kituo kimoja leo, ramani haitoboki. Kesho ukiifungua rangi zimejaa vizuri tu mpaka mpakani, kompyuta imejaza pengo kwa makisio, na anayeitazama hana namna ya kujua kwamba pale hapapimwi tena. Ndo maana hoja ya "satelaiti zinatosha" inaonekana ina mashiko, kila mwaka vituo vinapungua na ramani inazidi kupendeza.

Kisa cha Malawi kinaeleza vizuri. Msimu wa 2015/16 nchi ilikuwa imekata bima ya ukame kwa ARC, mfuko wa bima ulio chini ya Umoja wa Afrika, unaolipa kwa kufuata modeli ya kompyuta inayosoma mvua kwa satelaiti. Mahindi yakakauka, Aprili 2016 rais akatangaza janga, modeli ikasema hapana, hali haijafikia kiwango cha kulipwa. Kuja kuchunguza, kumbe modeli iliwekewa mahindi ya kukomaa kwa muda mrefu wakati wakulima walishahamia mbegu za muda mfupi, kwa hiyo ilikuwa inatafuta ukame kwenye wiki ambazo siyo zenyewe. Wakarekebisha, malipo ya zaidi ya dola milioni 8 yakatoka, ila mkulima alikuwa ameshangoja miezi. Satelaiti hapo haikukosea mvua, kilichokosekana ni mtu wa kusema "jamani huku tulishabadilisha mbegu".

Na makopo nayo yasisifiwe kupita kiasi. Jani likiziba mdomo, mashine inaandika hakuna mvua wiki nzima. Mafuriko yakipita, mchanga wa mtoni unahama, ubao ukisoma mita mbili leo siyo ujazo ule wa mita mbili wa mwaka jana, na asipoenda mtu kupima upya mtiririko unakuwa unaandika uongo kwa uaminifu mkubwa. Kosa linaloniudhi zaidi ni dogo kabisa, msomaji wa kipimo hakufika siku hiyo, kisanduku chake kwenye jedwali kinatakiwa kibaki wazi au kiwekwe alama, mtu wa kuingiza data anaandika 0. Sifuri maana yake tulipima na haikunyesha. Wazi maana yake hatukupima. Ukichanganya hivyo viwili miaka ishirini umetengeneza ukame ambao haukuwahi kutokea.

Kuna wanaosema haya yote ni kupoteza muda kwa sababu tatizo siyo taarifa. Wana hoja. Somalia tahadhari zilianza kutolewa 2010, njaa ikatangazwa rasmi Julai 2011, wakafa watu wanaokadiriwa 260,000, na hapo hakuna kopo wala satelaiti ya kulaumu. Lakini hiyo inahukumu waliopewa taarifa, haituambii tupime kwa kifaa gani.

Mi kinachonivuta zaidi ni neno "kawaida". Ukame maana yake ni pungufu ya kawaida, na kawaida ya nani? Mwaka 1922 majimbo ya Marekani yaligawana mto Colorado kwa kutumia rekodi fupi iliyoangukia miaka ya mvua nyingi kupita kiasi, wakagawana maji ambayo mto hauna, na mpaka leo wanavutana. GRACE haina rekodi kabla ya 2002, na hata hiyo ina pengo la karibu mwaka, kati ya 2017 pacha wale wa kwanza walipomaliza kazi na 2018 waliporushwa warithi wao. Wapinzani watasema rekodi ndefu ina faida gani kama hali ya hewa inabadilika na jana haifanani na kesho? Swali zuri, ila kwamba haifanani tumejuaje? Kwa rekodi hizo hizo, za mvua na za joto pia. Mwaka 2023 wanasayansi wa World Weather Attribution, kundi linalochunguza mabadiliko ya tabianchi yamechangia kiasi gani kwenye majanga ya hali ya hewa, walionyesha ukame wa Pembe ya Afrika wa misimu mitano mfululizo ulichangiwa sana na joto linalokausha udongo, siyo upungufu wa mvua peke yake. Kipimo cha ukame kinachohesabu mvua tu, kama SPI ya mwaka 1993, hicho hakikioni.

Kwa hiyo hela zikiwa kidogo, mi nisingenunua mitambo mipya inayokuja na mradi wa miaka mitatu, betri ikifa hakuna wa kubadilisha na laini ya simu haijalipiwa. Ningeanza na vituo vyenye rekodi ya miaka hamsini na kwenda juu, nikalipa wasomaji wake kwa wakati. Najua vingi viko mijini na kwenye mashamba ya zamani, maeneo mengi makavu yenye wafugaji hayana hata kimoja, na hapo kwa sasa tutaendelea kutegemea makisio ya satelaiti. Ila basi ramani zichorwe na doa la kijivu pale pasipopimwa, kila mtu aone.